Harusi ya Jua na Stima

Kaaga, Meru
Jumapili, 26 Septemba 1999

Kwa Baba Mkubwa Ndambiri,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na Mama Mkubwa Celina. Hapa shuleni mafua yanapita kitanda baada ya kitanda, lakini changu hakijafikiwa. Mama ameniandikia kutoka Kiritiri. Anasema mvua haijaonekana huko, mbuzi wawili wamezaa, na anakusalimu.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Nilikaa kwenye benchi lililo karibu na lango kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, kwa sababu mwezi wa Agosti ulisema utakuja. Nilipoona huji nilijua ni mgongo. Usiwe na wasiwasi kwamba nilikaa na njaa. Nasteho, msichana ninayeketi naye dawati moja, alinigawia chapati na nyama alizoletewa na mama yake. Wao wanakaa hapa Meru mjini, na baba yake ana duka la vifaa vya stima.

Jambo lililonifanya nichukue kalamu ni fomu iliyo ndani ya bahasha hii. Mwakani nitaingia Kidato cha Tatu, na kila msichana anatakiwa kuchagua masomo yake. Mwalimu mkuu anataka sahihi ya mlezi. Tangu Baba afariki, jina lililo kwenye faili yangu ni lako. Fomu isiporudi kufikia Ijumaa, tarehe 12 Novemba, shule itanichagulia yenyewe, na wasiochagua hupelekwa Sayansi Kimu, yaani upishi na ushonaji.

Mimi naomba Fizikia. Katika mtihani uliopita nilipata alama themanini na nne. Mwalimu Kirimi, anayetufundisha, anasema nikiendelea hivi ninaweza kuwa injinia wa stima. Kila sehemu nimejaza. Umebaki mstari mmoja tu, wa sahihi yako.

Mtoto wako,
Winfred Wanjira


Dallas, Embu
4 Oktoba 1999

Kwa binti yangu Winfred,

Barua yako imefika, na salamu tumegawana. Sisi ni wazima. Mama Mkubwa wako analalamika tangu asubuhi hadi jioni, nayo ni dalili kwamba hana ugonjwa. Ng'ombe amekauka maziwa. Kuhusu siku ya wazazi, mgongo ulikuwa mbaya sana. Hata kuinama nifunge kamba za viatu nilishindwa. Sikutoka nje ya boma siku nzima.

Sasa sikia habari kubwa. Unajua huu mgao wa stima. Siku tatu kwa wiki watu wa mtaa wetu wa Dallas wanakaa gizani wakitazamana kama kuku. Mimi nimekataa. Nimenunua inveta. Nimeinunua Nairobi, duka kubwa, na Mzungu mwenyewe alinihudumia kisha akanishika mkono. Hii ni mashine inayochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe stima kama ile ya mlingoti. Tena yangu si ya kawaida. Inakula pande mbili, jua na stima. Embu nzima ni mimi peke yangu. Wanasema mwaka wa elfu mbili ukiingia kompyuta zitachanganyikiwa na stima itapotea dunia yote. Ipotee! Nyumba moja itawaka.

Ninaifunga mwenyewe. Mtu aliyekuwa karani mkuu miaka ishirini na sita hashindwi na nyaya nne. Paneli ya jua nimeisimamisha mbele ya nyumba, wima, ikitazama barabara, ili kila anayepita aione. Inapendeza kama kibao cha hospitali. Mabetri mawili ya lori nimeyaweka sebuleni juu ya meza, chini ya picha ya harusi yetu.

Fomu nimeiona. Winfred, Fizikia ni ya kuvunja kichwa, na kichwa cha msichana kina kazi nyingine. Nani atakuja kuposa mtu anayenuka waya? Nitaifikiria nikimaliza uzinduzi wa mashine, tarehe 20, Siku ya Kenyatta. Chifu na mchungaji wamekubali kuja. Kwa sasa fomu nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza ya mabetri, kwa sababu meza inayumba.

Ni mimi,
Baba Mkubwa wako, Ndambiri


Kaaga, Meru
10 Oktoba 1999

Kwa Baba Mkubwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kwamba mgongo umepona haraka hivyo, hata ukaweza kuinua mabetri mawili ya lori. Nimemshukuru Mungu kwa hilo. Mafua yamefika kitandani kwangu na yameondoka.

Nilimsimulia Nasteho habari za mashine yako, naye akamsimulia baba yake, Mzee Abdiqani. Kumbe naye anaziuza. Anasema ameuza moja tu tangu Agosti, Jumamosi ile ya siku ya wazazi, kwa mzee wa kutoka Embu mwenye kofia yenye unyoya. Alitaka kumwandikia namna ya kuifunga, lakini mzee yule akamwambia, "Weka kalamu chini, mimi si mtoto wa shule." Kisha akaondoka mbio, kwa sababu alikuwa amepewa nafasi kwenye pikapu ya miraa iliyotoka Kangeta, na hizo hazingoji mtu. Ninakuandikia haya ili ujue kwamba si wewe peke yako. Yuko mwingine hapo Embu mwenye mashine kama yako, na mkikutana mnaweza kusaidiana.

Maana kuna mambo ambayo Mzee Abdiqani na Mwalimu Kirimi wote wananiambia, na nisipokuambia sitalala. Kwanza paneli. Jua halipiti barabarani, Baba Mkubwa, linapita juu ya paa. Paneli ikisimama wima inapata mwanga kidogo tu, na betri hazitajaa. Ilazwe juu ya bati, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Mabetri nayo hutoa hewa inayoweza kushika moto, kwa hiyo si vizuri yakae sebuleni penye mishumaa na wageni.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni hili. Mashine yako inaweza kuchaji betri kwa jua, na inaweza kuchaji kwa stima. Hapo ndipo ukarimu wake unapokwisha. Stima inayotoka kwenye mashine na stima inayotoka kwenye mlingoti hazipaswi kukutana hata mara moja ndani ya nyaya za nyumba. Zikikutana zitagongana, na mashine ndiyo itakayokufa. Tena kama mafundi wa stima wako juu ya mlingoti wakidhani waya umelala, stima ya kwako inaweza kuwafuata huko na kuwaua. Kwa hiyo baada ya mita huwekwa swichi kubwa yenye mkono mmoja, ambayo mafundi wanaiita chenjiova. Mkono ukiwa juu, nyumba inatumia stima ya mlingoti. Ukiwa chini, inatumia ya mashine. Hauwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Tafadhali usiwashe bila hiyo.

Kuhusu meza inayoyumba, nakuomba utumie kipande cha ubao. Ubao hauhitaji sahihi.

Mtoto wako,
Winfred


Dallas, Embu
15 Oktoba 1999

Kwa Mheshimiwa Injinia Winfred, Kidato cha Pili,

Salamu, mama. Barua yako nilicheka mpaka Mama Mkubwa akatoka jikoni kuuliza kama nimefiwa. Hapa tuko sawa. Mbuzi wa sherehe amefika na amekula nusu ya maua.

Huyo mzee wa kofia simjui. Embu ina wazee wengi, na kofia ni nyingi zaidi.

Mafundisho yako nimeyasoma. Hebu nikuulize, injinia: ukifunga ng'ombe mmoja kwenye jembe, na mimi nikafunga wawili, nani atalima zaidi? Haya. Kama taa inawaka kwa jua, na inawaka kwa stima, ikipewa zote mbili itawaka mara mbili. Hilo halihitaji Kirimi. Ndiyo maana uzinduzi nimeuita Harusi ya Jua na Stima. Kadi zimechapishwa. Nitawasha mashine kwanza, huyo ndiye bibi harusi. Kisha stima ya mlingoti ikirudi, saa kumi kufuatana na ratiba ya mgao, chifu atapandisha swichi kuu na wawili hao wataungana mbele ya mashahidi. Keki ina umbo la inveta.

Na hiyo chenjiova yako ya kupasua ukuta wangu sijaiona haja. Nimetengeneza waya wenye plagi pande zote mbili. Upande huu unaingia kwenye mashine, upande ule kwenye soketi ya sebuleni. Stima inaingia nyumbani kwa mlango uleule inaotokea. Wazungu hawakulifikiria hilo.

Mama Mkubwa wako amekuwa mwanafunzi wako. Jana alisimama mlangoni na barua yako mkononi.

"Mzee, mtoto amesema zisikutane."

Nikamwambia, "Celina, wewe na mimi tulikutana, nani alikufa?"

Akasema, "Bado tunangoja."

Ubao sina. Fomu inafanya kazi nzuri pale ilipo.

Ndambiri


Dallas, Embu
28 Oktoba 1999

Kwa Winfred,

Salamu za amani. Hapa ni wazima, karibu wote. Ng'ombe bado.

Uzinduzi ulifana. Wageni walikuwa hamsini na wawili. Mchungaji aliomba dakika ishirini, na mashine ilivumilia vizuri. Nilizima swichi kuu kwa mikono yangu, nikawasha inveta, na taa zikawaka nyumba nzima. Rangi yake ilikuwa kama ya ndizi iliyoiva sana, lakini zikawaka, na watu wakapiga makofi. Haikupita muda tukasikia redio za majirani zikianza kuongea, tukajua stima imerudi. Nikamkaribisha chifu apandishe swichi kuu. Akapandisha.

Baada ya hapo kulikuwa na sauti kidogo.

Moshi ulioonekana ulikuwa wa ubani. Wageni waliondoka mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza, na baadhi yao walipitia dirishani kwa kuwa ni njia ya mkato. Chifu anaendelea vizuri, nyusi huota tena. Keki haikukatwa lakini iligawanyika. Tangu siku hiyo tumeamua kutumia taa ya mafuta kwa muda, maana nimesikia ni nzuri kwa macho.

Kuna jambo dogo. Jirani yangu mmoja, ambaye nisingependa kumtaja, ana mashine kama yangu. Yeye hakufuata maelekezo, na sasa mashine yake imenyamaza. Inanuka kama mpira. Aliwahi kuahidi watu hadharani kwamba nyumba yake itawaka mwaka wa elfu mbili ukiingia, na kila anapokwenda kununua sukari wanamuuliza, "Mzee, harusi nyingine lini?" Anaona aibu kwenda kanisani. Ananiuliza kama mashine kama hiyo inaweza kupona, na kama ile swichi ya mkono mmoja inachorwa vipi. Mimi najua, lakini nimeona nikupe wewe nafasi ya kufanya mazoezi.

Ndambiri


Kaaga, Meru
31 Oktoba 1999

Kwa Baba Mkubwa,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara tatu. Hapa ni wazima wote. Pole kwa chifu, pole kwa keki. Sikujua kwamba kanisa letu limeanza kutumia ubani. Nitamwandikia Mama, atafurahi kusikia.

Mpelekee jirani yako pole zangu. Mwambie kwamba mashine yake huenda haijafa. Mzee Abdiqani anasema ndani yake mna fyuzi ambayo huungua ya kwanza ili sehemu nyingine zipone, lakini asiifungue mwenyewe hata kama alikuwa karani. Ailete kwa aliyemuuzia. Kama alinunua Nairobi kwa Mzungu ni safari ndefu, maskini. Mzee Abdiqani yuko tayari kuipokea hapa Meru, na amesema hatauliza maswali.

Ndani ya bahasha nimeweka nusu ya kwanza ya mchoro. Inaonyesha paneli ikiwa imelala juu ya bati, mabetri yakiwa kwenye kibanda cha nje chenye dirisha, na nyaya mpaka zinapoingia kwenye mashine. Nusu ya pili, kutoka mashine hadi chenjiova na kuingia nyumbani, nimeichora pia, lakini Mwalimu Kirimi hajaikagua, na mchoro wa stima usiokaguliwa siwezi kuutuma. Ana kazi nyingi. Anaanza na michoro ya wasichana watakaokuwa kwenye darasa lake la Fizikia mwakani, na orodha yao itafungwa tarehe 12. Jina langu likiwemo, mchoro wa jirani utakaguliwa siku hiyohiyo. Lisipokuwemo, sijui utakaguliwa lini. Pengine mwaka wa elfu mbili utakuwa umeshaingia.

Sasa naomba nimweke jirani kando.

Baba alipokuwa hai alikuwa akifungua redio juu ya meza Jumapili mchana, na mimi nilikuwa nikimshikia tochi. Aliniambia nisiguse, nitazame tu. Nilitazama miaka mitatu. Siku aliponiambia, "Haya, redio ijayo utashika wewe bisibisi," ilikuwa wiki mbili kabla hajalazwa. Sikuwahi kuishika. Baba Mkubwa, sitaki Fizikia ili nikushinde. Nataka kushika bisibisi.

Zimebaki siku kumi na mbili.

Mtoto wako,
Winfred


Dallas, Embu
8 Novemba 1999

Kwa Winfred,

Salamu. Barua hii anakuletea Mama Mkubwa, anayekuja Meru Alhamisi na mzigo wa jirani. Mzigo ameufunga kwa leso ili watu wa Dallas wadhani ni sufuria.

Fomu ni hii. Ina alama ya mguu wa meza, na betri moja ilidondosha asidi ikaitoboa mahali palipoandikwa Sayansi Kimu. Sasa hapo mtu angechagua nini? Nimetia sahihi kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi.

Njue, baba yako, alipokuwa na miaka tisa alifungua redio ya baba yetu na kuifunga tena, nayo ikaongea. Mzee alimpa yai. Wiki iliyofuata nilijaribu mimi, niliyekuwa mkubwa. Haikuongea tena. Sikupewa yai.

Mkumbushe mwalimu wako kuhusu ule mchoro. Jirani anangoja.

Ndambiri


Kaaga, Meru
14 Novemba 1999

Kwa Baba Mkubwa,

Salamu na shukrani. Sijui niandike asante ngapi, kwa hiyo nimeandika moja na kuipigia mstari. Asante. Mwalimu mkuu aliinusa fomu, akaishika kwa vidole viwili kwenye dirisha, akatazama shimo, akasema hajawahi kuona mzazi aliyelikataa somo kwa nguvu namna hiyo. Kisha akaipiga muhuri. Mimi ni wa Fizikia.

Mama Mkubwa alipita hapa shuleni kwanza, kabla ya kwenda dukani. Aliniletea mukimo wa viazi na mahindi kwenye kopo, tukakaa pale kwenye benchi la lango. Tulipomaliza, mwalimu wa zamu aliniruhusu nimsindikize mjini. Alipofungua leso juu ya kaunta, Mzee Abdiqani alitazama mashine, akatikisa kichwa.

"Mama, mashine hii ni mtoto wangu, namjua. Na ile kofia iko wapi?"

Mama Mkubwa akasema, "Kofia ipo. Unyoya ndio ulioungua."

Nasteho alijificha nyuma ya makatoni kwa sababu ya kucheka. Mzee Abdiqani hakuuliza swali lingine, karibu kama alivyoahidi. Aliifungua mashine, akatoa fyuzi nyeusi na kipande kingine kilichovimba, akaweka vipya, akaijaribu kwa balbu moja. Ikawaka. Kisha akachukua karatasi akaandika namna ya kuifunga, na safari hii karatasi ilipokelewa.

Nusu ya pili ya mchoro ni hii, na sahihi ya Mwalimu Kirimi iko pembeni. Chenjiova ifungwe na fundi mwenye kibali, na ule waya wa plagi mbili ukatwe katikati kabla mtu mwingine hajauona na kuupenda. Mama Mkubwa ameuelewa mchoro vizuri. Aliuchora upya kwa kidole kwenye vumbi la kaunta bila kukosea. Tafadhali mwambie jirani amsikilize.

Shule ikifungwa nitakwenda Kiritiri kumsaidia Mama na mbuzi. Niandikie huko jinsi mwaka ulivyoingia.

Mtoto wako,
Winfred


Dallas, Embu
2 Januari 2000

Kwa Winfred, Kiritiri,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama yako Phyllis. Dunia ipo. Ng'ombe ana mimba. Hapa nyumbani wote wazima.

Mashine ya Meru imefungwa. Fundi mwenye kibali alikuja, nami nilisimamia. Nilisimamia nikiwa kwenye kiti, kwa kuwa Mama Mkubwa alisema nisishike kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma karatasi, na fundi akiuliza, aliyejibu ni yeye. Paneli imelazwa juu ya bati. Sasa hakuna anayeiona isipokuwa ndege, lakini betri zinajaa kufikia saa saba mchana.

Tarehe 31 jioni watu walikuja kabla ya kwenda kesha la kanisa. Chifu alikuja pia, akasimama mbali, karibu na lango. Nikawaambia, "Ngojeni, stima ikipotea mtaona." Tukangoja. Stima haikupotea. Winfred, mgao wa miezi mitatu, na siku hiyo moja stima iliwaka Dallas yote kama mchana! Taa za kila nyumba, hata ya yule mwalimu ambaye hulipa kwa kuchelewa. Watu wakaanza kutazama saa. Mmoja akasema, "Mzee, hii ya sasa ni ya jua au ni ya wote?" Wakacheka.

Nikaona nitaaibika mara ya pili. Nikaenda kwenye chenjiova, nikashika mkono, nikauvuta chini. Giza la kupepesa jicho mara moja, kisha taa zikawaka tena, nyeupe, tulivu, bila sauti yoyote. Chifu alikuwa ameshafika barabarani. Nikamwita arudi.

Walitazama taa yangu, wakatazama za majirani. Kisha yuleyule akauliza, "Sasa tofauti iko wapi?"

Mama Mkubwa ndiye aliyejibu. Alisema, "Tofauti ni kwamba chifu bado ana nyusi." Wakacheka tena, lakini safari hii walipiga makofi. Niliwaambia kazi hiyo ni ya mtoto wa Njue. Nilisema mara mbili, kwa sababu wa nyuma hawakusikia.

Huyo mwenye duka alimwambia Mama Mkubwa kwamba binti yake ndiye unayeketi naye dawati moja, kama ulivyokuwa umeniandikia. Mama Mkubwa aliniambia siku ileile aliporudi. Sijui kwa nini ilinichukua mpaka leo kuliandika.

Siku ya wazazi muhula huu ni lini? Mgongo hauna neno. Haukuwa na neno.

Ndambiri


Kaaga, Meru
16 Januari 2000

Kwa Baba Mkubwa,

Salamu kwako na kwa Mama Mkubwa Celina. Mama anawasalimu, na amewatumia mbuzi jike, mtamwona akifika. Tumefungua shule salama. Katika darasa la Fizikia tuko wasichana kumi na mmoja, na Alhamisi nilishika bisibisi.

Siku ya wazazi ni Jumamosi, tarehe 26 Februari, kuanzia saa tatu asubuhi. Kutoka duka la Mzee Abdiqani hadi lango letu ni dakika thelathini na tano kwa miguu. Nilizihesabu mwezi wa Oktoba, siku tulipotumwa posta, nilipokuwa nimebeba ile barua niliyokuandikia kuhusu mzee wa kofia.

Benchi ni lilelile. Nitakuwa hapo.

Mtoto wako,
Winfred Wanjira
Kidato cha Tatu, Fizikia